Kutambua na kukumbuka sura za watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya walimu, walinzi wa getini, mawakala wa pesa za simu, wanafunzi wa udaktari na sheria, na yeyote aliyewahi kulaumiwa kwa kumpita mtu njiani kana kwamba hamjui. Jambo moja litajirudia humu: kumtambua mtu unayemfahamu ni kazi moja, na kulinganisha sura ya mtu usiyemfahamu ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza tunaiweza mno. Ya pili tunabahatisha kuliko tunavyodhani.

Sura inatambuliwa na sehemu gani ya ubongo?

Hakuna sehemu moja inayofanya kazi yote. Picha inayoingia machoni hupelekwa kwanza kisogoni, ambako ubongo huchambua mistari, mwanga na kivuli. Kutoka hapo hupokewa na vituo kadhaa, na vitatu ndivyo vinavyotajwa zaidi. Kimoja kiko upande wa nyuma na hushughulika na viungo vya uso, yaani macho, pua na mdomo. Cha pili kiko upande wa chini wa ubongo, nyuma ya usawa wa sikio, kwenye mkunjo uitwao fusifomu; hiki ndicho hasa kinachotenganisha uso wa huyu na wa yule. Nancy Kanwisher na wenzake walikielezea mwaka 1997 kwa kutumia mashine ya MRI, na kwa watu wengi kile cha upande wa kulia hufanya kazi zaidi. Cha tatu kiko juu kidogo, ubavuni, na hufuatilia mambo yanayobadilika: macho yanatazama wapi, midomo inasema nini, mtu amenuna au anacheka.

Mgawanyo huo una matokeo yanayoonekana hospitalini. Mgonjwa anaweza kushindwa kabisa kujua aliyesimama mbele yake ni nani, huku akiona wazi kwamba mtu huyo amekasirika.

Baada ya vituo hivyo, amigdala, sehemu ndogo ya ndani inayohusika na hisia, huongeza hisia, na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, pamoja na sehemu za mbele za ubavu wa ubongo huunganisha sura na habari za mwenyewe: tulionana wapi, anafanya kazi gani, ananidai au namdai.

Inachukua muda gani?

Muda mfupi sana. Ukipima umeme wa ubongo kwa vitambuzi vilivyobandikwa kichwani, wimbi linalohusiana na sura hujitokeza takriban milisekunde 170 baada ya uso kuonekana. Wimbi hilo husema tu kwamba hiki ni uso. Kujua kwamba ni uso unaoufahamu huja baada yake, habari za mtu hufuata, na jina huwa la mwisho, kama litakuja.

Kwa nini sura naikumbuka lakini jina linanipotea?

Kwa sababu jina limekaa mwisho wa foleni. Vicki Bruce na Andy Young walieleza mpangilio huo mwaka 1986: kwanza uso unaonekana kuwa wa mtu unayemjua, kisha zinakuja habari zake, halafu jina. Unaweza kukwama katikati, ukajua kuwa huyu ni fundi aliyekutengenezea friji na duka lake liko karibu na mzunguko, na jina lisije. Kinyume chake, yaani kupata jina bila kujua chochote kingine kumhusu mtu, hakitokei kwa watu wazima wa afya.

Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza walionyesha jambo hilo kwa ujanja. Walichukua maneno ya Kiingereza ambayo ni kazi na pia ni majina ya ukoo. Neno lile lile lilikumbukwa vizuri lilipotolewa kama kazi ya mtu, likasahaulika zaidi lilipotolewa kama jina lake. Kazi ina mambo mengi ya kushikana nayo kichwani: mavazi, harufu, vifaa, mahali. Jina ni sauti tupu iliyoning'inia peke yake.

Dawa yake ni kulivuta jina kutoka kichwani mara kwa mara, kwa mapengo yanayoongezeka. Thomas Landauer na Robert Bjork walijaribu njia hiyo kwa majina mwaka 1978. Mkitambulishwa, litaje jina papo hapo: "Karibu, Bwana Okello." Litafute tena kichwani baada ya dakika moja hivi, kisha baada ya dakika kumi, kisha unapoagana naye, kisha jioni, kisha kesho. Kosa la kawaida ni kulisoma jina tena na tena kwenye karatasi. Kusoma hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kujilazimisha kulikumbuka kabla ya kuangalia.

Mtu mmoja anajua sura ngapi?

Rob Jenkins na wenzake walihesabu mwaka 2018 wakapata wastani wa sura 5,000 hivi kwa mtu mzima, wakiwemo watu maarufu. Tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia kama 1,000 hadi 10,000.

Nimepewa darasa la watoto 90, wote wamenyolewa na wamevaa sare. Nitawajuaje?

Hili ni swali gumu kuliko linavyoonekana, na walimu wa Uganda wana haki ya kulalamika. Ubongo ukikutana na mtu mgeni hushika zaidi vitu vya nje: nywele, ndevu, umbo la kichwa, nguo. Ukishamzoea, huhamia ndani: macho, nyusi, pua, mdomo na nafasi zilizo kati yake. Shule zetu nyingi huondoa karibu vyote vya nje siku ya kwanza, kwa wavulana na wasichana, na zinakuacha na vile vya ndani ambavyo hujavizoea bado.

Usijaribu darasa zima kwa siku moja. Chukua watoto wachache, sita au saba kwa siku, na uwaone wakiwa katika hali tofauti: wamekaa, wanaandika wameinama, wanacheka uwanjani, wamesimama juani. Sura haikai kichwani kama picha moja. Inajengwa kwa kuuona uso ule ule ukibadilika mara nyingi. Picha moja ya paspoti kwenye faili la shule haitoshi, hata ukiikodolea macho saa nzima.

Unapomtazama mtoto, jiulize swali linalohusu uso wote: je, huyu anaonekana mpole, mtundu, mwenye aibu? Gordon Bower na Martin Karlin waligundua mwaka 1974 kwamba watu walioombwa kuamua kama mtu ni mwaminifu au anapendeza walikumbuka sura vizuri kuliko walioombwa kusema tu kama ni mwanamume au mwanamke. Jibu lenyewe usiliamini, kwa maana uso hausemi tabia. Faida iko kwenye kutazama kwa makini.

Gawa madaftari mwenyewe, usimpe kiranja. Soma jina, mtafute mwenyewe kwa macho, mpelekee. Ukikosea, watoto watakusahihisha kwa kicheko, na sahihisho la namna hiyo hubaki. Halafu baada ya wiki moja wahamishe viti. Walimu wengi hudhani wamewajua wanafunzi kumbe wamejua viti. Wakikutana na mtoto yule yule sokoni Jumamosi hawamtambui.

Mteja wangu wa kila wiki alisuka nywele upya, sikumjua. Nina tatizo?

Hapana. Unamjua nusu tu. Mteja wa dakika mbili kwa wiki bado yuko kwenye kundi la wageni kwa upande wa ubongo, na kumbukumbu yake imeegemea nywele. Barakoa huharibu kutoka upande wa pili, kwa sababu zinaficha pua na mdomo. Na kofia ya boda boda huficha vyote viwili. Ukimwona mara nyingi akiwa na misuko tofauti, tatizo litaondoka lenyewe.

Kwa nini uso uliopinduliwa kichwa chini ni mgumu kutambua?

Kwa sababu ubongo hausomi uso kiungo kimoja kimoja. Huuchukua wote kwa mara moja, pamoja na umbali kati ya macho na kimo cha mdomo kutoka puani, na mtambo huo umezoea uso uliosimama wima. Robert Yin alionyesha mwaka 1969 kwamba kupindua picha kunaathiri kutambua nyuso kuliko kunavyoathiri kutambua vitu vingine kama nyumba.

Unaweza kujionea kwa simu. Chukua picha ya mtu mnayemjua nyote. Kwa programu ya kuhariri picha, kata macho na mdomo, vipindue hapo hapo vilipo, kisha geuza picha nzima kichwa chini. Onyesha watu. Karibu wote wataona uso wa kawaida. Sasa iweke picha wima: inatisha. Peter Thompson alitoa mfano huu mwaka 1980. Hakikisha umezima kujizungusha kwa skrini, la sivyo simu itanyoosha picha yenyewe unapoigeuza na jaribio litaharibika.

Kulinganisha mtu na picha ya kitambulisho kuna ugumu gani?

Kuna ugumu mkubwa, na wanaofanya kazi hiyo hawaujui. Mwaka 2011 Jenkins na wenzake waliwapa watu picha 40, wakawaambia wazipange marundo kwa mtu. Kumbe zilikuwa za watu wawili tu, 20 kwa kila mmoja. Wasiowajua watu hao walitoa marundo saba au nane kwa kawaida. Waliowajua walitoa mawili, bila taabu. Picha ni zile zile. Jaribio hili linaweza kufanyika hata ofisini kwa picha za mitandaoni za watu wawili maarufu wa nchi ya mbali.

Mwaka 2014 maofisa wa pasipoti wa Australia walipimwa kwa watu halisi waliosimama mbele yao. Mtu alipoleta picha isiyo yake, walimpitisha mara 14 katika kila 100. Hawakuwashinda wanafunzi wa chuo kikuu wasio na uzoefu, na miaka mingi kazini haikuwapunguzia makosa.

Kwa anayekagua Ndaga Muntu, yaani kitambulisho cha taifa cha Uganda, dirishani, mambo haya husaidia. Angalia uso kabla ya kusoma jina na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu kuiona picha ndani ya hati rasmi kunamsukuma mtu kusema "ni yeye". Mwombe mwenye kadi aishike karibu na shavu lake, ili macho yako yasisafiri mbali kati ya viwili. Ziba nywele za kwenye picha kwa kidole. Kisha nenda polepole, kitu kimoja kimoja: umbo la sikio na ndewe yake, kovu, alama nyeusi, mfereji kati ya pua na mdomo, mikunjo ya kope. Mwonekano wa jumla hudanganya. Unene, uchovu na umri huubadilisha, na kadi zilizotokana na usajili wa mwaka 2014 zina picha ya zaidi ya miaka kumi. Picha iliyopigwa kwa simu kwa umbali wa mkono hupanua pua na kurudisha masikio nyuma, kwa hiyo usimkatalie mtu kwa upana wa pua peke yake.

Kwa nini tunasema Wachina wote wanafanana?

Nao husema hivyo kutuhusu sisi. Roy Malpass na Jerome Kravitz walilipima jambo hili mwaka 1969 huko Marekani, na limethibitishwa mara nyingi tangu hapo: watu hutambua vibaya zaidi sura za watu wa asili ambayo hawakukua wakiiona. Si macho wala akili. Ni mazoea, hasa ya utotoni. Watoto wa Korea walioasiliwa Ufaransa wakiwa na umri kati ya miaka 3 na 9 walipokuja kupimwa ukubwani, walitambua sura za Wazungu vizuri kuliko za Waasia.

Madhara yake yanafika hadi kwenye vipimo vya kitabibu, kama utakavyoona hapa chini.

Shahidi akisema "nina hakika ndiye", tumwamini?

Inategemea alisema lini, na alimwona katika hali gani. Mahakama za Uganda zina mwongozo mzuri. Katika kesi ya Abdalla Nabulere na mwingine dhidi ya Uganda, rufaa ya jinai namba 9 ya 1978, mahakama iliagiza kuangalia muda ambao shahidi alimtazama mshtakiwa, umbali uliokuwapo, mwanga, na kama shahidi alimfahamu kabla. Sayansi inakubaliana na kila kimoja, na hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine. Jirani aliyekujua miaka kumi na mpita njia aliyekuona mara moja hawafanyi kazi moja ya ubongo. Kwa umbali na mwanga, watafiti wa Uholanzi walipendekeza kipimo rahisi cha mgeni kutambuliwa kwa uhakika: isiwe zaidi ya mita 15, na mwanga usiwe chini ya lakisi 15 (lakisi ni kipimo cha mwanga). Usiku wa umeme kukatika hautoi mwanga huo. Ongeza silaha: macho ya mtu aliyetishwa huganda kwenye bunduki au panga, si usoni.

Gwaride la utambulisho, ambapo shahidi hutakiwa kumtambua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, nalo lina kanuni za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki tangu kesi ya Mwango wa Manaa, mwaka 1936. Mshukiwa awekwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo, mwonekano na hali ya maisha. Achague mwenyewe mahali pa kusimama. Mashahidi wasimwone kabla wala wasiongee wao kwa wao. Ofisa anayepeleleza kesi asiliendeshe gwaride. Kanuni hizi ni za zamani lakini ni za busara. Zinazoongezwa na utafiti wa sasa ni mbili: anayeliendesha asijue mshukiwa ni yupi, na shahidi aambiwe wazi kwamba mhusika huenda hayumo.

Gwaride huharibika kwa njia mbili mara nyingi. Ya kwanza ni picha ya mshukiwa kusambaa WhatsApp kabla. Baada ya hapo shahidi anatambua picha, haijulikani tena kama anamkumbuka mtu wa usiku ule. Ya pili ni afande kusema "umefanya vizuri" baada ya shahidi kunyoosha kidole. Sentensi hiyo moja hupandisha uhakika wake hadi siku ya mahakamani, na hata humfanya akumbuke kwamba alimwona karibu zaidi kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo uhakika wenye thamani ni ule wa mara ya kwanza, ulioandikwa papo hapo kwa maneno yake mwenyewe.

Shahidi naye aandike maelezo mapema, siku ile ile: muda, umbali, taa, sura. Asiombwe kueleza sura kwa maneno muda mfupi kabla ya gwaride, kwa sababu kulazimisha sura iwe maneno huchafua kumbukumbu ya macho.

Simtambui mtu yeyote kwa uso, hata ndugu zangu. Ni ugonjwa?

Huenda ni hali iitwayo prosopagnosia, yaani upofu wa sura. Joachim Bodamer aliipa jina mwaka 1947. Iko ya aina mbili. Moja huja baada ya ubongo kuumia, kwa kiharusi au pigo la kichwa, hasa upande wa kulia na chini ya nyuma. Nyingine mtu huzaliwa nayo, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama watu 2 katika 100. Wengi wao huwa hawajui, kwa kuwa hawajawahi kuona kwa macho ya mwingine. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, Tanzania, alieleza hadharani kwamba alikuwa nayo.

Kwanza ondoa mengine. Je, macho yanaona vizuri mbali? Je, unatambua uso na kukosa jina tu? Hilo si upofu wa sura. Dalili zenyewe ni kama hizi: unampoteza mwenzako kwenye umati wa soko la Owino, Kampala, akiwa mita mbili tu kutoka kwako, unafuatilia filamu kwa mavazi ya wahusika, unamngoja mtu aongee ndipo umjue, unawaamkia watu wote kwa uangalifu ule ule usije ukaonekana una maringo.

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Cambridge cha kukumbuka sura, chenye maswali 72, kilichotolewa mwaka 2006. Wastani ni kama 58, na anayepata 42 au chini yake hutiliwa shaka. Tahadhari kubwa: sura za toleo lake la kwanza ni za wanaume Wazungu. Mganda aliyekulia Lira au Masaka anaweza kupata alama za chini kwa sababu tu hakukua na sura hizo. Matokeo ya mtandaoni yasikutie hofu peke yake. Historia ya maisha yako ina uzito zaidi.

Dawa ya kumeza haipo. Wenye hali hii huishi kwa mwendo wa mtu, sauti, saa ya mkononi, jinsi anavyosimama. La maana kuliko yote ni kuwaambia watu wa karibu na wa kazini: "Nikikupita, niite." Hapa kwetu kutosalimu ni kosa zito, na maelezo ya sentensi moja huokoa urafiki.

Ikiwa hali imeanza ghafla, huenda ni kiharusi: nenda hospitali ya karibu siku hiyo hiyo, hata kama mkono na mdomo viko sawa.

Mtoto mchanga anatambua sura?

Saa chache baada ya kuzaliwa hugeukia zaidi umbo linalofanana na uso. Akiwa na miezi 6 hutofautisha hata sura za nyani mmoja mmoja. Kufikia miezi 9 uwezo huo umepungua, kwa sababu ubongo umejifunga kwenye sura anazoziona kila siku. Miezi ya mwanzo ina uzito wa pekee. Watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, wakafanyiwa upasuaji baada ya miezi kadhaa, walibaki na udhaifu wa kutofautisha nyuso kwa nafasi za viungo hata miaka mingi baadaye. Ukiona weupe katikati ya mboni ya mtoto, usingoje akue.

Mapacha Wasswa na Kato wanafanana. Mama yao anawatofautisha vipi?

Kwa kuwaona maelfu ya mara katika kila hali, hadi tofauti ndogo zikawa kubwa machoni pake. Wageni hawana data hiyo.

Mgonjwa anasema mkewe si mkewe, ni mtu mwingine aliyevaa sura yake. Ni mapepo?

Hali hiyo inajulikana; Joseph Capgras aliielezea mwaka 1923. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sura inatambuliwa, ila ile hisia ya ukaribu inayopaswa kuandamana nayo haiji, na ubongo unatafuta sababu. Huonekana kwenye skizofrenia, usahaulivu wa uzeeni na majeraha ya kichwa. Msibishane naye, wala msimletee mashahidi, hatashawishika. Jaribuni kuongea naye kwa simu, kwani wengine humkubali mtu kwa sauti wakamkataa kwa uso. Mpelekeni kwa daktari wa akili, hospitali ya akili ya Butabika, Kampala, au kitengo cha hospitali ya rufaa ya mkoa, na ondoeni vitu vya hatari nyumbani, maana mgonjwa anaweza kumshambulia anayemwona ni mlaghai.

Kuna mafunzo ya kuwa hodari wa sura?

Uhodari wenyewe ni wa kuzaliwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 2009 watafiti walieleza watu wachache wenye kipaji cha juu mno, wanaokumbuka uso waliouona mara moja miaka iliyopita, na polisi wa London wamewatumia kuangalia video za kamera. Kozi fupi za siku moja au mbili zimepimwa na kuonekana kubadilisha kidogo sana. Kwa benki au ofisi isiyo na mtu wa namna hiyo, njia ya bei nafuu ni kuwapa watu wawili picha ile ile, kila mmoja aamue peke yake na kuandika kiwango cha uhakika wake, ndipo walinganishe. Wakikaa pamoja tangu mwanzo, wa pili atafuata wa kwanza, hasa akiwa bosi.